Haya Niliyomwonea Mume Wangu

Mume wangu Merle aliponiambia kwamba akifa hataki kuzikwa wala kuchomwa, anataka agandishwe, nilikuwa namenya viazi, na niliendelea kumenya. Nilidhani ni mzaha wake mwingine. Miaka thelathini na nane alitengeneza matanuri ya kiwanda cha vioo hapa Toledo, na kila aliporudi nyumbani na nyusi zimebabuka alikuwa na kichekesho cha kunisimulia.

"Nimekaa na moto maisha yangu yote," akasema. "Acha nijaribu baridi."

"Jaribu kwanza kutoa taka nje," nikamjibu.

Akatoa taka. Aliporudi akaweka mezani bahasha mbili nene, akavaa miwani, ndipo nikajua hatanii. Mwezi ule ule daktari alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umechoka na hakuna tena cha kurekebisha. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Nataka ieleweke kwamba Merle hakuwa mwoga wa kifo, maana baadaye wengi walidhani hivyo. Alikuwa mtu wa kutaka kujua mambo yanaishia wapi. Filamu ikianza hakuweza kuiacha, hata iwe mbovu namna gani.

"Kwa hiyo watakuja kukuamsha?" nikamuuliza.

"Labda hapana."

"Sasa?"

"Kaburini ni hapana kabisa, Ardith. Huku ni labda hapana. Mimi nachukua labda."

Bahasha zile zilitoka kwa mashirika mawili. Moja lilikuwa Colorado, mbali huko milimani. Jingine, Shirika la Wabash, lilikuwa Indiana, mwendo wa saa mbili tu kutoka kwetu. La Colorado tuliongea nalo kwa video. Kijana mmoja mwenye meno meupe sana alitueleza kwamba mwanachama akikaribia kufa, wao hutuma timu yao kwa ndege, ikakaa kando ya kitanda na mashine na dawa, ikasubiri. Familia haigusi kitu. Alisema neno "kesho" mara nyingi mno. Merle alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza.

Wabash tulikwenda wenyewe, mwezi wa pili, theluji imejaa kando ya barabara. Nilitarajia mahali pa kutisha. Tulikuta jengo la mabati katikati ya muuza matairi na fundi wa makabati. Ndani kulikuwa na matangi meupe marefu kuliko mtu, yamesimama wima kwenye sakafu safi, na mwanamke mmoja akipiga deki huku anaimba. Ungedhani ni kiwanda cha maziwa. Kwenye tangi moja mtu alikuwa ametundika shada la Krismasi na halikuwa limeondolewa.

Msimamizi, Bwana Coyle, alikuwa mtu mnene wa sweta la kijani, mpole, anayekohoa kabla ya kila jibu. Merle alimhoji kama anavyohojiwa fundi kabla ya kupewa kazi.

"Mmeshawahi kumwamsha hata mmoja?"

"Hapana."

"Mnajua namna ya kumwamsha?"

Akakohoa. "Hapana. Hakuna ajuaye duniani."

"Na umeme ukikatika?"

"Matangi hayatumii umeme. Ni naitrojeni ya baridi kali, tunaijaza kila wiki. Tukiacha kujaza, ndipo kuna shida. Ndiyo maana hatuachi."

"Na ninyi mkifa?"

"Mimi nina nafasi yangu pale," akasema, akinyoosha kidole kwenye tangi la pili kutoka mlangoni. "Na mbwa wangu yumo tayari."

Merle akacheka hadi akashika kifua, na mimi nikamshika mkono. Kisha Coyle akanigeukia mimi. Akaeleza kwamba wao hawana timu ya kuruka na ndege. Daktari akishatangaza kwamba mtu amefariki, mtu wa familia hupiga simu pale pale, na barafu huanza kuwekwa, kichwani kwanza, halafu shingoni na makwapani. Mtu wa nyumba ya maziko waliyemfundisha huja kumchukua. "Dakika za mwanzo ni za familia," akasema. "Baridi ikichelewa, ubongo unaharibika, na sisi hatuwezi kurudisha kilichoharibika. Nani atapiga simu?"

"Mke wangu," akasema Merle.

Nikatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeombwa na jirani amwagilie maua.

Coyle akaniuliza kama nami nataka fomu. Wanandoa wengi hujiunga pamoja, akasema.

"Kiapo changu kilisema mpaka kifo kitutenganishe," nikamjibu. "Sikuongeza muda."

Coyle alicheka. Merle hakucheka, alikuwa anasoma kibandiko kwenye tangi.

Njiani kurudi nilimwambia achague la Colorado.

"Yule mtoto anaongea kama muuza magari," akasema. "Huyu mzee nimemuuliza maswali kumi, saba amejibu hajui. Mtu anayejua asichokijua, huyo ndiye namkabidhi mwili wangu. Wewe una sababu gani?"

"Wale wana watu wao."

"Na mimi nina wewe."

Sababu yangu nilikuwa naijua lakini haikusemeka. La Colorado lingenificha. Wangekuja wageni, wakafanya mambo yao, wakaondoka, na mimi ningebaki mjane kama wajane wengine. La Wabash lilinitaka nisimame mbele za watu na kwa kinywa changu niseme, leteni barafu, mume wangu anagandishwa. Miaka arobaini na sita nimekuwa katika kanisa letu la Kilutheri. Nimefundisha watoto, nimesimamia jiko, nimezika wenzangu kwa maua na kahawa. Nilikuwa naona aibu, basi. Nilimwonea haya mume wangu, kama binti anavyomwonea haya baba anayekuja shuleni na nguo za kazi.

Alichagua Wabash. Alibadilisha jina la mrithi kwenye bima yake ya maisha, akaandika Wabash, ili ilipe gharama. Mimi nikatia sahihi karatasi ya kusema sitapinga. Akaletewa bangili ya chuma yenye namba ya simu na maelezo, akaivaa mkono wa kushoto, juu kidogo ya saa.

Kisha akarudisha kwa kanisa viwanja vyetu vya kaburi. Chake tu, maana mimi nilibakisha changu. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Lavonne ni rafiki yangu tangu wanetu walipokuwa wachanga. Mumewe, Harold, amezikwa jirani kabisa na viwanja vile. Alinikuta jikoni kanisani nikikata kabichi, akaweka mikono kiunoni.

"Wewe! Nimesikia Merle amerudisha kaburi. Harold wangu kamkosea nini?"

"Hapana, dada, si hivyo."

"Mnahamia Florida, sema tu."

"Hatuhami."

"Sasa atazikwa wapi? Kwenye bustani, na yule paka wenu mliyemzika?"

Wanawake wengine wawili waliinua macho kutoka kwenye sufuria zao. Ningeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Badala yake nikasikia sauti yangu, laini, yenye huzuni ya kupendeza, ikisema, "Ameutoa mwili wake kwa chuo kikuu. Kwa wanafunzi wa udaktari."

Lavonne akaondoa mikono kiunoni, akanikumbatia, kabichi na kisu na vyote. Alikuwa analia.

Uongo nao haukai ulipowekwa. Jumapili ya pili ya Kwaresima, Mchungaji Haverkamp alihubiri juu ya kutoa. Katikati ya mahubiri akasema, "Yuko ndugu yetu hapa, sitamtaja, ambaye hata mwili wake ameutoa ili vijana wajifunze kuponya wengine." Bila shaka akamtazama aliyesema hatamtaja. Kanisa zima likageuka kutuangalia.

Merle alikuwa kando yangu, kitabu cha nyimbo mkononi. Alinitazama mara moja tu. Ilimchukua muda mfupi kuelewa, halafu akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu anayesifiwa. Baada ya ibada watu walipanga mstari kumpa mkono. Mzee mmoja, rubani wa zamani wa jeshi, alimpigia saluti. Merle akasema "asante" kwa kila mmoja wao. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, nayo ikakaa vile vile, na zulia lake jekundu.

Ndani ya gari hakuwasha injini.

"Chuo kipi?" akauliza.

"Merle..."

"Nauliza ili nijue. Nikiulizwa mimi nisije nikataja kingine."

"Sikukitaja."

"Basi vizuri." Akaweka funguo juu ya paja. "Ningekuambia usiseme kitu, Ardith. Ungeweza kusema, muulizeni mwenyewe. Ningewajibu."

"Wangekucheka."

"Wangenicheka mimi," akasema. "Nimeshachekwa na watu wazito kuliko hawa."

Akafungua saa yake, akavua bangili ya chuma, akaiweka ndani ya kisanduku cha gari pamoja na ramani za zamani. Nikamuuliza anafanya nini.

"Chuo kikuu hakitoi bangili. Mtu akiisoma utapata taabu. Kila tukija kanisani nitaiacha hapa."

Nilipaswa kuitoa palepale na kumvalisha kwa mkono wangu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko jambo jingine lolote maishani mwangu. Nilichofanya ni kushusha pumzi, kwa sababu nilikuwa nimepata nafuu.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, kanisa lilikuwa na chakula cha samaki wa kukaanga kama kila Ijumaa ya Kwaresima. Jua lilikuwa bado juu. Merle alikuwa anagawa vikombe vya kahawa, akimtania Lavonne kwamba samaki wake wamevaa koti la unga zito kuliko lake. Akaweka sinia mezani kwa uangalifu, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akasema, "Ngoja kwanza." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Hayakuwa ya kwangu hasa. Hayakuwa ya mtu yeyote.

Gari la wagonjwa lilifika upesi. Hospitalini walimfanyia kazi kwa karibu nusu saa, na mimi na Lavonne na Mchungaji tulikaa kwenye chumba kidogo chenye sanduku la karatasi laini za machozi. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi daktari akaja, akavua kofia, akasema wamejitahidi.

Nyuma yake alikuja muuguzi na ubao wa karatasi. Aliuliza kwa heshima kama kuna mipango yoyote. Kabla sijafungua kinywa, Lavonne akafuta machozi akasema, "Mwili wake ni wa chuo kikuu. Lazima wapigiwe mapema, sivyo, Ardith?"

"Chuo kipi, mama?" muuguzi akaniuliza.

Namba ya Wabash ilikuwa ndani ya mkoba wangu, juu ya magoti yangu. Bangili ilikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa bado kanisani. Nilijua kabisa maana ya dakika. Coyle alikuwa ameniambia akiniangalia machoni.

"Nipe kidogo," nikasema. "Sijisikii vizuri."

Muuguzi akasema bila shaka, nisiwe na haraka. Mchungaji akasema tuombe. Tukaomba. Aliomba kwa muda mrefu, kwa maneno mazuri, akamshukuru Mungu kwa mtu aliyetoa hata mifupa yake. Nilikuwa nimefumbua macho, natazama saa ya ukutani. Lavonne akaenda kuniletea maji. Nikayanywa yote. Nikaomba mengine. Nikaenda chooni, nikakaa mle, nikanawa mikono, nikanawa tena. Kwenye kioo nilimwona mwanamke mwenye nywele zilizochanwa vizuri. Nikawaza, ukinyamaza tu, yataisha. Atazikwa kwenye kile kiwanja, hakijapata mtu bado. Utasema chuo kimemkataa kwa sababu ya moyo. Hakuna atakayejua. Yeye mwenyewe alisema labda hapana.

Nililifikiria hilo. Silifichi. Nililipanga hadi maneno.

Kilichonitoa mle si ushujaa. Nilisikia Lavonne nje ya mlango akimwambia mtu kwenye simu, "Hapana, yuko imara, unamjua Ardith, hana la kuficha." Nikatoka, nikasimama mbele yao.

"Hakuna chuo kikuu," nikasema. "Nilidanganya. Merle amejiandikisha agandishwe. Kuna shirika Indiana. Nilitakiwa kupiga simu zamani, na anatakiwa barafu, nyingi, sasa hivi, na mimi nimekaa hapa nakunywa maji."

Mchungaji alikuwa mwekundu hadi masikioni, na nilijua anakumbuka mahubiri yake. Lavonne alinitazama kwa muda ambao sitausahau. Sikuona hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma upya barua aliyodhani anaijua.

"Barafu kiasi gani?" akauliza.

"Nini?"

"Barafu, Ardith! Ndoo? Gunia?"

"Magunia. Mengi. Hospitali haina..."

Alikuwa ameshapiga simu jikoni kanisani. "Carlene, acha vyombo. Toa barafu yote kwenye mashine, na ile mifuko ya barafu ya soda, tia kwenye masanduku ya samaki. Ndiyo, ya samaki! Usiniulize. Leteni hospitalini, mlango wa dharura."

Mimi nikampigia Coyle. Hakuniuliza nimechelewa kwa nini. Alisema nimweke kwenye spika, akaongea na muuguzi, akaongea na daktari, akakohoa, akaeleza. Baada ya dakika chache wanawake watano wa jikoni waliingia na aproni zao, wakiburuta masanduku yanayonuka samaki na limau. Muuguzi alituruhusu. Tukamzungushia Merle barafu kichwani, shingoni, makwapani, kwa mikono mitupu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka glovu za kutosha. Mchungaji Haverkamp alivua koti, akakunja mikono ya shati la ukasisi, akawa anapasua mifuko kwa funguo zake. Hakuna aliyecheka. Watu niliowaogopa wiki zote zile, hakuna hata mmoja wao aliyecheka. Carlene aliuliza tu, "Uso tuufunike au tuuache?" na Coyle kutoka kwenye simu akasema, "Funika, mama, taratibu."

Nilisimama katikati yao nikiwa na aibu kuliko siku zote. Ningeweza kuwaambia tangu mwezi wa pili. Merle angekuwa hai kusikia wanavyouliza maswali yao ya kipumbavu, naye angewajibu, angefurahi sana.

Mtu wa nyumba ya maziko alifika, akamchukua hadi Indiana usiku ule. Mazishi hayakuwepo. Kulikuwa na ibada, na Mchungaji aliniuliza kabla aseme nini. Nikamwambia aseme ukweli. Akasema, kwa sentensi mbili, kisha akaomba radhi kwa kusifu mtu kwa jambo ambalo hakulifanya wakati yako mengi aliyoyafanya. Watu wawili walitoka nje. Wengine walibaki, wakala keki.

Baada ya wiki tatu Wabash walinitumia fomu ya taarifa. Tangu kutangazwa kufariki hadi barafu ya kwanza: dakika sitini na saba. Chini yake palikuwa na mstari, sababu ya kuchelewa. Na mimi, baada ya yote hayo, nikachukua kalamu nikaandika, hospitali haikuwa na barafu. Nikaibandika stempu, nikaituma.

Sikuweza kula siku mbili. Siku ya tatu nikapiga simu.

"Bwana Coyle, ile fomu niliyokutumia ina uongo."

Akakohoa. "Nikuletee nyingine?"

"Andika wewe. Kwenye sababu."

"Niandike nini?"

"Andika, mke wake aliona haya."

Nilisikia kalamu yake, au nilidhani nimeisikia. Nikamuuliza kama zile dakika zimemharibu. Akasema kwamba huenda zimemharibu, huenda si sana, na kwamba angependa kunipa jibu bora lakini hana.

"Hiyo karatasi inakaa wapi?"

"Kwenye jalada lake. Daima."

"Akiamka ataisoma?"

"Akiamka," akasema, "ni haki yake kusoma kila kitu."

Nikafikiria Merle akiwa na miwani yake, mahali nisipoweza kupawaza, akisoma mstari ule bila mimi kuwepo kujieleza. Coyle alikuwa anasubiri. Labda alidhani nitabadilisha.

"Ongeza jina langu," nikasema. "Asije akadhani ni mke mwingine."